Mambo ya kuzingatia kabla ya kukusanya na kupanga takwimu za mavuno ya kahawa

Mwanafunzi anayetumwa kuchunguza mavuno ya kahawa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Masaka, Uganda, hana budi kuamua, kabla hajabeba daftari lake, ni kitu gani hasa kitakachopimwa. Mkulima mmoja atataja uzito wa kiboko, yaani buni iliyokaushwa pamoja na maganda yake, na mwingine atataja uzito wa kahawa iliyokwisha kukobolewa, ambao ni takriban nusu tu. Vipimo hivyo vikichanganywa, hakuna jedwali litakaloviokoa. Gunia nalo si kipimo mpaka lipande mizani.

Linalofuata ni orodha ya kaya zote. Huombwa kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na yafaa ihakikiwe, kwa kuwa waliohamia karibuni huenda hawamo. Tuseme kaya ni 200 na uwezo uliopo ni wa kuzifikia 40: hupigwa kura kupata nambari moja kati ya 1 na 5, kisha huchukuliwa kila kaya ya tano kuanzia hapo. Kaya ikikutwa imefungwa, mtafiti arudi siku nyingine badala ya kuingia kwa jirani, maana wanaopatikana nyumbani saa zote huenda wakatofautiana kimavuno na wanaoshinda shambani. Sampuli ya walio kando ya barabara, ingawa ni rahisi kuipata, haikiwakilishi kijiji.

Kuhusu makundi ya kupangia uzito wa mavuno, naona ni kosa dodoso kuwa na visanduku vya makundi yaliyopangwa mapema. Uandikwe uzito kamili, kwani vipimo vinaweza kupangwa upya baadaye, lakini kundi haliwezi kurudishwa kuwa vipimo. Iwapo mavuno madogo kabisa ni kilo 12 na makubwa kilo 187, tofauti ni 175. Kanuni ya Sturges ya mwaka 1926 ya kukadiria idadi ya makundi, inayojumlisha 1 na zao la 3.322 na logi ya idadi ya vipimo (kwa msingi wa 10), hutoa kama 6.3 kwa vipimo 40. Basi makundi 6 yenye upana wa kilo 30, kuanzia 10, yanatosha, ingawa kanuni hiyo ni mwongozo tu wala si sheria. Mipaka iandikwe "10 hadi chini ya 40", "40 hadi chini ya 70", na kuendelea, kwani kwa 10–39 na 40–69 kilo 39.5 zitakosa pa kuwekwa. Jumla ya marudio, yaani idadi ya kaya katika kila kundi, isipofika 40, hesabu isiendelee. Orodha ya awali nayo itunzwe, kwa kuwa wastani unaotokana na vitovu vya makundi, yaani thamani za katikati yake, ni makadirio tu.