Kutoa mafuta ya mchaichai nyumbani kwa mtambo wa mvuke

Kilo moja na nusu ya majani ya mchaichai hutoa takriban mililita 3 hadi 6 za mafuta. Ni kidogo, na anayeanza afadhali alijue hilo mapema, maana wengi huona chupa haijai wakadhani mtambo ni mbovu, kumbe umefanya kazi sawasawa. Pamoja na mafuta utapata lita moja na robo hivi ya maji yenye harufu, mazuri kwa kufutia sakafu au kunyunyizia mashuka.

Mvuke hupita kwenye majani, huchukua mafuta, kisha hupozwa ndani ya bomba na kutoka ukiwa maji na mafuta. Chungu chetu ni sufuria ya presha ya lita 10, ya chuma kisichoshika kutu ikipatikana. Ondoa kile kizito kinachopiga mluzi juu ya mfuniko. Valvu ya usalama iache mahali pake, usiiguse kabisa. Kwenye kitundu cha kizito chomeka kipande kifupi cha mpira wa silikoni unaostahimili joto, kikaze kwa klipu, kisha uunganishe na bomba la shaba la milimita 10, lile la mafundi friji. Mita 3 zinatosha. Mpira wa kawaida wa maji haufai: unalainika kwa joto na mafuta yanaula. Kama utaunga shaba kwa shaba, lehemu isiwe na risasi.

Kukunja bomba ndiko kunakowashinda wengi. Shaba ikikunjwa ikiwa tupu inabonyea, na hapo palipobonyea mvuke hubanwa. Jaza chumvi kavu ndani, gonga gonga mpaka ishuke vizuri, ziba ncha zote mbili, kisha zungushia bomba polepole kwenye kipande cha PVC cha inchi 4. Utapata mizunguko 5 au 6 na kubakiza kipande cha kufika kwenye sufuria. Osha chumvi yote itoke. Mizunguko hiyo ikae ndani ya ndoo ya lita 20 ya maji baridi, na ncha ya chini itokee kwenye tundu ulilotoboa karibu na kitako, ulizibe kwa washa (pete ya kukazia) na silikoni. Kuanzia juu hadi chini bomba liwe linashuka tu. Likiinuka hata mahali pamoja, maji yatatuama hapo, mvuke utayasukuma kwa vishindo, na presha itapanda kwenye sufuria.

Ndani ya sufuria weka sahani yenye matundu juu ya miguu ya sentimita 7. Mimina lita 2 za maji chini yake. Yasifike kwenye sahani hata yakichemka. Majani yakatwe asubuhi umande ukishakauka, yanyauke kivulini siku moja, kisha yakatwe vipande vya sentimita 3 au 4. Yapange kwa usawa bila kuyashindilia. Yakiwa mengi upande mmoja na machache mwingine, mvuke hupitia kwenye nafasi na nusu ya majani hubaki na mafuta yake. Juu kabisa weka wavu mdogo, ili kipande cha jani kisiende kuziba kitundu cha mfuniko. Kabla ya kuwasha moto, puliza kwa mdomo kwenye ncha ya chini ya bomba. Pumzi isipopita, usiwashe.

Mara ya kwanza kabisa endesha mtambo kwa maji matupu na uyamwage yanayotoka. Hayo yanasafisha shaba na kukuonyesha panapovuja. Mfuniko ukivuja, ziba kwa donge la unga wa ngano na maji. Likikauka kwa joto linashika vizuri.

Moto uanze wa wastani. Bomba la juu likishakuwa la moto, punguza. Kipimo chetu ni kikombe kidogo cha dawa ya mtoto: maji yanayotoka yakijaze hadi alama ya mililita 15 kwa dakika moja. Gesi ni rahisi kuidhibiti; kwa mkaa, itabidi uondoe makaa kwa koleo. Mvuke unaotoa lita moja ya maji hupandisha joto la ndoo nzima ya lita 20 kwa nyuzi 30 hivi, kwa hiyo maji yaliyoanza na nyuzi 27 yatafika 57, na hapo hayapoozi vizuri tena. Ongeza maji baridi kwa mpira unaofika chini ya ndoo, ya moto yamwagikie juu. Ukiona mvuke kwenye ncha ya kutokea, mafuta yanapotea hewani: punguza moto mara moja.

Zima ukishapata lita moja na robo. Ukiendelea, maji ya chini yatakauka, na harufu ya kuungua haitoki tena kwenye mafuta. Maji yakitoka ya rangi ya majani, yalichemka mpaka yakapanda kwenye bomba. Yakiwa meupe kidogo kama ya mchele, ni kawaida.

Maji uliyokinga pamoja na mafuta yaache usiku kucha kwenye chupa ya kioo yenye shingo nyembamba. Mafuta ya mchaichai huelea. Ongeza maji mpaka tabaka la njano lifike shingoni, ulivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hifadhi kwenye chupa ndogo ya kioo cheusi, iliyojaa, kwani mwanga na hewa huyaharibu. Hayanywewi, na kwa ngozi nusu mililita kwenye mililita 100 za mafuta ya nazi inatosha.

Maji ya mtambo huu usiyatie kwenye betri, yana chembe za shaba. Wala usiutumie kukeneka pombe, yaani kuichemsha na kukinga mvuke wake: mvuke wake unalipuka, na bila leseni ni kosa.

Makonyo ya karafuu, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, yale yanayokenekwa kiwandani Wawi, Pemba, yanahitaji saa nyingi zaidi, na mafuta yake huzama chini ya maji. Yafanyie kazi kwa mpira wa mfuniko wa peke yake, kwa sababu harufu ya karafuu ikishaingia humo haitoki.