Somo: Kupima matendo ya mwenye wasiwasi au sonona, si hisia peke yake

Wadau, wengi wenu mmeshajaza zile fomu mbili za kliniki, PHQ-9 ya sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na GAD-7 ya wasiwasi. Zinauliza kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3; ya kwanza mwisho wake 27, ya pili 21. Ni nzuri, ila zinauliza zaidi unavyojisikia. Mtu anaweza kupata alama ndogo za wasiwasi kwa sababu tu ameacha kwenda sokoni, ameacha kupokea simu, hakutani tena na kinachomtisha. Kwenye karatasi anaonekana mzima.

Hatua ya 1. Chagua tendo moja linaloonekana. "Nina hofu" si tendo. "Nimeshuka daladala kabla ya kufika Mwanjelwa" ni tendo. Mengine ninayokutana nayo huku: kujifungia ndani, kumpigia mwanao simu kila saa kuuliza kama yuko salama, kufoka, kunywa ulanzi ili usingizi uje.

Hatua ya 2. Chukua daftari la shule, chora safu nne: kilichotangulia, nilichofanya, nilivyojisikia muda mfupi baadaye, na kilichonigharimu. Tuseme mama muuza viazi. Simu ya mwenye mzigo inaita. Anaizima, anaisukumia chini ya gunia. Kifua kinalegea papo hapo. Kesho yake mzigo kapewa mwingine. Ile nafuu ya kifua ndiyo inayomfundisha kuzima simu tena, na bila safu ya nne haoni anailipia nini.

Hatua ya 3. Wiki ya kwanza usibadilishe kitu, hesabu tu kwa vijiti, yaani chora kamstari kamoja kila ukifanya tendo lile. Andika palepale, usingoje usiku. Sonona huchagua kumbukumbu mbaya. Namba ikianza kushuka yenyewe usitangaze umepona, maana kujihesabu tu kunabadili tabia kidogo.

Hatua ya 4. Mwisho wa wiki toa alama: 0 halikunizuia chochote, 4 limenizuia kazi, ibada au familia. Hiki ni kipimo cha nyumbani, hakitoi jina la ugonjwa. Linganisha na wiki yako iliyopita, usilinganishe na jirani. Ukienda kliniki nenda na daftari.

MASWALI

Tukuyu: Shikamoo. Mume wangu akizidiwa na mawazo anaenda kupalilia migomba peke yake hadi jioni. Nihesabu?

Marahaba, mama. Akirudi anakula na kuongea na watu, mwache na jembe lake. Lakini kama anaenda ili asikutane na wanaomdai, na siku hizi analala hukohuko kibandani, hilo linahesabiwa. Ila ahesabu mwenyewe. Ukimhesabia kwa siri akagundua, utakuwa umempa kingine cha kukimbia.

Mafinga: Kamwene. Juni na Julai kwa baridi hii kila mtu anajifungia. Nitajuaje yangu ni ugonjwa?

Kamwene, kaka. Tazama jua likishatoka. Wenzako wako nje wanaota jua, wewe bado umevuta blanketi na mlango una komeo? Weka kijiti.

Mbalizi: Jumla yangu ya PHQ-9 ni ndogo, 6 tu, ila swali la 9 nimejibu 1. Niendelee na daftari?

Hapana, ndugu yangu, daftari lisubiri. Swali hilo linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na jibu lolote zaidi ya 0 halingoji jumla. Leo hiihii mwambie mtu wa nyumbani unayemwamini, akusindikize kituo cha afya au hospitali, na mbele ya mhudumu litaje wazi, usiishie kusema kichwa kinauma. Kama mna dawa za kupulizia nyanya au viazi, ziondoke nyumbani sasa hivi, akakae nazo jirani. Usibaki peke yako usiku huu. Ukishafika, tuandikie hapa.