Upepo Kwanza, Njia Baadaye: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoka na Baiskeli Uholanzi Wakati wa Machipuko

Machi na Aprili ni miezi inayomhadaa mgeni nchini Uholanzi. Asubuhi jua linawaka, dafodili zimechanua kandokando ya mifereji, jirani amefungua dirisha lake kwa mara ya kwanza tangu Novemba, na mtu aliyechoka kukaa ndani anaamua kwamba leo ndiyo siku ya kuitoa baiskeli na kwenda kutazama mashamba ya maua ya upande wa Lisse na Hillegom. Saa mbili baadaye mtu huyohuyo amejibanza chini ya daraja huku mvua ya mawe ikigonga lami. Waholanzi husema kwamba Machi hutikisa mkia wake, na msemo huo una sababu ya kueleweka: jua limekwisha kupata nguvu ya kuipasha moto nchi kavu, lakini Bahari ya Kaskazini ingali na baridi ya miezi iliyopita, maji yake yakiwa na nyuzi 6 hadi 8 tu, kwa hiyo kila upepo unaotoka baharini huja na ubaridi huo moja kwa moja hadi kifuani kwa mwendesha baiskeli.

Maelezo yanayofuata yanamhusu mtu anayeendesha kwa burudani, kwa baiskeli ya kawaida, safari ya kilomita 30 hadi 50 hivi, peke yake au pamoja na familia. Wanaoshindana wana hesabu zao na mavazi yao.

Kosa la kwanza la wengi wetu ni kuchagua njia kwanza, kisha kutazama hali ya hewa ili kujua wavae nini. Mpangilio huo ni vema ugeuzwe. Mabaharia wa pwani yetu hawakuwahi kuamua safari kabla ya kujua kama ni kaskazi au kusi, wala hawakuona haya kungoja; na katika nchi isiyo na milima, upepo ndio mlima wenyewe, tena mlima ambao hauna kilele wala mteremko wa upande wa pili. Hesabu yake ni rahisi. Anayekwenda kilomita 18 kwa saa katika hewa tulivu, akikutana na upepo wa mbisho wa kasi hiyohiyo na akitaka kubaki katika mwendo wake, hewa humpiga kwa kasi ya kilomita 36, na kasi ya hewa ikiongezeka mara mbili, ukinzani wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana mtu mwenye afya njema hujikuta anakwenda kama anayesukuma mkokoteni wenye shehena ya saruji, na safari aliyoikadiria kuwa ya saa mbili ikamchukua saa tatu na nusu, huku saa zote hizo akipoteza joto.

Utabiri wa KNMI, ambayo ni taasisi ya taifa ya hali ya hewa, hutaja nguvu ya upepo kwa vipimo vya Beaufort. Nguvu ya 4 ni upepo wa kilomita 20 hadi 28 kwa saa na unavumilika kwa yeyote. Nguvu ya 5, yaani kilomita 29 hadi 38, inamtaka mwendeshaji apunguze urefu wa njia. Kuanzia nguvu ya 6, ambayo huanzia kilomita 39, ningeshauri anayeendesha kwa burudani abaki ndani ya miji na misitu, au aahirishe. Wapo Waholanzi wanaoshindana kuendesha baiskeli zisizo na gia dhidi ya upepo wa nguvu ya 7 na zaidi, juu ya boma kubwa la bahari la Oosterscheldekering huko Zeeland, lakini hata wao huishia kwenye kilomita 8.5, na mwishoni wapo wanaoanguka chini kwa uchovu. Zaidi ya nguvu yenyewe, soma pia kasi ya dhoruba fupi zinazotabiriwa, kwa sababu wanaoanguka aghalabu huangushwa na upepo wa ubavuni unaokuja ghafla pale mtu anapoupita ukuta wa banda au lori lililokuwa likimkinga.

Ukishaujua mwelekeo wa upepo, ndipo uichore njia. Kanuni ya zamani ni kuanza dhidi ya upepo wakati miguu ina nguvu na nguo bado ni kavu, kisha kurudi ukisukumwa nao. Anayeanza kwa kusukumwa hudanganyika: hujiona hodari, huenda mbali kuliko alivyokusudia, hata huvua koti, kisha hugeuka na kukuta kwamba deni lote linadaiwa katika nusu ya pili, akiwa amelowa jasho. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kwenda upande mmoja tu na upepo mgongoni na kurudi kwa treni. Kwa hili ni lazima kukata tiketi ya baiskeli na kukumbuka kwamba siku za kazi treni hazipokei baiskeli zisizokunjwa kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:00 asubuhi, na kuanzia saa 10:00 hadi saa 12:30 jioni. Jumamosi na Jumapili hakuna kizuizi hicho. Sehemu zisizo na pa kutokea, kama boma la Houtribdijk linalounganisha Enkhuizen na Lelystad kwa kilomita 26 hivi huku maji yakiwa pande zote mbili, ziachwe hadi Juni.

Mvua nayo ina aina zake, na ni vizuri kuzitofautisha kabla ya kukata tamaa. Mvua za machipuko mara nyingi ni za kupita: wingu jeusi moja, dakika 15 au 20 za maji au mawe, kisha jua tena. Hizo dawa yake ni subira na kibanda cha basi. Ramani za rada, kama za Buienradar, huonyesha mawingu yanakoelekea kwa saa mbili zijazo, na anayezisoma vizuri anaweza kupita katikati ya mvua mbili akiwa mkavu. Mvua ya mfululizo, ambayo kwenye rada huonekana kama mkeka mpana usio na matundu, haina ujanja. Siku kama hiyo afadhali mtu akae nyumbani aoshe baiskeli.

Sasa mavazi, na hapa naomba nieleze kwa kirefu, kwa maana ndipo wengi tuliokulia kwenye joto tunapokosea. Tumezoea kufikiri kwamba baridi huzuiwa kwa nguo nzito, kwa hiyo tunavaa fulana ya pamba, juu yake sweta nene, juu yake jaketi lile la kuendea kazini. Baada ya kilomita tano jasho limeanza kutoka. Pamba inalinyonya na kulishikilia mwilini. Na maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Muda wote mtu anapokanyaga haoni tatizo, kwa sababu misuli inazalisha joto. Tatizo huja anaposimama.

Nililijua hili Jumapili moja ya Aprili, katika njia ya vilima vya mchanga baina ya Noordwijk na Zandvoort. Joto lilikuwa nyuzi 7, na nilikuwa nimevaa hivyohivyo nilivyoeleza. Nilisimama kwenye benchi kupiga picha na kula chungwa, dakika kumi tu, upepo ukitoka baharini. Nilipopanda tena nilikuwa natetemeka, na nilipofika stesheni ya Zandvoort vidole vilikuwa vimegoma kabisa: ufunguo wa kufuli niliuona kwa macho, lakini sikuuhisi mkononi. Niliubana kwa viganja viwili, nikauangusha, nikauokota, nikauangusha tena. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa anafunga baiskeli yake pembeni alinitazama, akauchukua ufunguo bila kusema neno, akafunga, akautia katika mfuko wa koti langu na kuvuta zipu hadi juu, kama anayempeleka mtoto shule.

Tangu siku hiyo navaa tabaka tatu nyepesi. Linalogusa ngozi ni fulana ya sufu laini au ya nyuzi za kutengenezwa zinazokauka upesi, kwa kuwa sufu hubaki na joto hata ikilowa. La katikati ni sweta jepesi lenye zipu, ili kifua kifunguliwe mwili unapochemka. La juu ni koti lisilopitisha maji wala upepo, lenye mgongo mrefu, na lenye matundu ya hewa kwapani ikiwezekana. Kipimo kizuri cha kuvaa ni kwamba unapotoka mlangoni usikie baridi kidogo. Ukijisikia vizuri kabla ya kupanda, umezidisha. Kisha chukua fulana ya pili, kavu, iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ya kuvaa unapofika mahali pa kupumzikia. Kama ningeambiwa nibebe kitu kimoja tu, ningebeba fulana hiyo.

Kuhusu lile vazi pana la mvua linalofunika mtu pamoja na usukani, ni zuri mjini siku ya mvua isiyo na upepo. Penye upepo ni tanga, na tanga lisilo na nahodha.

Mikono na miguu ndiyo huanza kugoma, kwa kuwa mwili unapopoa huivuta damu kwenda kukinga viungo vya ndani. Upepo wa kilomita 30 kwa saa katika nyuzi 5 huifanya ngozi iliyo wazi ihisi kana kwamba ni nyuzi sifuri, na vidole vilivyoshika usukani viko mbele kabisa ya upepo huo. Glavu ziwe za kuzuia upepo, na pea ya pili ibaki kavu mfukoni. Kwa miguu, anayekosa vifuniko vya viatu anaweza kuvaa mfuko wa mkate baina ya soksi na kiatu. Hautamaniki kwa macho, lakini unafanya kazi. Kitambaa chembamba cha kuziba masikio kivaliwe chini ya helmeti, kisiwe kofia nene inayoifanya helmeti ikae upogo.

Baiskeli yenyewe haihitaji maneno mengi. Madigadi yawepo mbele na nyuma, kwa sababu maji yanayorushwa na magurudumu huchafua na kulowesha kuliko yanayotoka juu. Breki za mpira zinazobana ringi huchelewa kushika zikiwa na maji, kwani mzunguko wa kwanza hutumika kuyafuta tu. Zijaribu kabla ya kutoka, na njiani anza kubana mapema. Upepo wa tairi upunguzwe kidogo, bila kushuka chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, ili tairi ishike barabara vizuri zaidi. Reli za tramu zivukwe kwa pembe pana, karibu na pembe mraba. Madaraja ya mbao, mistari ya rangi na mifuniko ya mitaro ipitwe bila kukata kona wala kufunga breki. Karibu na pwani upepo hurundika mchanga juu ya njia, na mchanga uliolowa huteleza. Taa ziwake hata mchana wingu linaposhuka: sheria inazidai usiku na pia mchana mwanga unapokuwa hafifu, nyeupe au ya manjano mbele na nyekundu nyuma.

Njia za baiskeli za Uholanzi zina vituo vyenye namba, mfumo ulioanzia Limburg ya Ubelgiji mwaka 1995, na kila kibao huelekeza kwenye namba inayofuata. Ziandike namba hizo kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi, uitie ndani ya plastiki na kuifunga kwenye usukani. Simu ni msaada mkubwa, lakini kioo chake hakitii kidole kilicholowa, betri yake huchoka haraka katika baridi, na kuishika mkononi huku unaendesha kumekatazwa tangu Julai 2019. Katika karatasi hiyohiyo weka alama kwenye stesheni na migahawa iliyo njiani, ili isipite kilomita kumi bila mahali pa kuingia. Chai ya tangawizi katika chupa ya chai na chapati mbili zilizokunjwa katika karatasi ya foili hutosha kwa chakula. Kula kabla njaa haijauma, maana mwili wenye njaa hautengenezi joto la kutosha. Pombe usibebe, kwani hukufanya uhisi joto huku ikilipeleka nje.

Mkiwa wawili au zaidi, kubalianeni kabla ya kutoka kwamba yeyote atakayesema turudi, watu wanarudi, bila mjadala. Makubaliano haya hayawezi kuachwa hadi njiani, kwa sababu baridi inayoingia ndani ya mwili huanza na akili: mtu anayetetemeka sana, anayejikwaa kwenye maneno, anayeshindwa kufunga zipu na bado anasema yuko salama, huyo hasikilizwi. Apelekwe pasipo na upepo, avuliwe nguo zilizolowa, avishwe kavu, apewe kinywaji chenye joto na sukari; na kama kutetemeka kumekoma huku akiwa mzito na mwenye usingizi, ipigwe 112, namba ya dharura, mara moja.

La mwisho hufanywa nyumbani, kabla ya kufunga mlango. Tandaza magazeti ya zamani karibu na kipasha joto kwa ajili ya viatu, uyakunje mengine tayari kwa kuyajaza ndani yake, na weka kitambaa kikuukuu na kichupa cha mafuta ya mnyororo pale baiskeli itakapolala. Utakaporudi hutakuwa na hamu ya kuvitafuta, na mnyororo uliolala na maji na mchanga wa Zandvoort unaweza kuamka na kutu.