Namna ya Kukagua Messerschmitt KR200 Kabla ya Kuinunua

Anayekwenda kuangalia Messerschmitt KR200 inayouzwa nchini Ujerumani hana budi kuanza na namba ya chasi, ailinganishe na hati za gari tarakimu kwa tarakimu. Rangi nzuri isimtie haraka, kwani fundi yeyote anaweza kuipaka upya, ilhali chasi isiyolingana na hati zake humletea mnunuzi usumbufu usiokwisha. Kigari hiki cha magurudumu matatu kiliundwa mjini Regensburg kuanzia 1955 hadi 1964, kwa ubunifu wa mhandisi Fritz Fend. Baada ya kampuni ya Messerschmitt, iliyokatazwa kuunda ndege baada ya Vita Kuu ya Pili, kuruhusiwa tena kuziunda mwaka 1956, kiwanda kilihamia mikononi mwa Fend na kuitwa FMR. Kwa hiyo gari la miaka ya mwisho lenye nembo ya FMR si la kughushi. Muuzaji akidai kuwa ni Tg500, gari jingine la kiwanda hicho lenye sifa kubwa kwa wakusanyaji, mnunuzi ahesabu kwanza magurudumu, maana Tg500 ina manne. Hata akiyakuta manne asiridhike upesi, kwa kuwa zipo nakala zilizoundwa baadaye.

Kuba la plastiki angavu linalofunika viti viwili vilivyofuatana ndilo linalowavutia watu, na ndilo lililozaa hadithi kwamba viwanda vilikuwa vikitumia mabaki ya ndege za vita. Hadithi hiyo haina ukweli: chimbuko la gari hili ni vigari ambavyo Fend aliwaundia watu wenye ulemavu. Kuba likaguliwe dhidi ya mwanga, hasa kandokando ya misumari, mahali ambapo nyufa nyembamba kama unywele huanzia. Kisha lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, lionekane kama linakaa sawasawa bila kulazimishwa. Kubadilisha kuba ni kazi ya gharama, hivyo ufa mmoja unatosha kuwa hoja ya kupunguza bei.

Kutu itafutwe chini. Mnunuzi alale chali mwenye tochi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, aipitishe kwenye sakafu na pale mikono ya magurudumu ya mbele inaposhikana na bodi. Sumaku ikikataa kunata, chini ya rangi kuna kiraka cha kitu kisichokuwa chuma. Waya za breki zivutwe moja moja, kwani hizo ndizo zinazosimamisha gari na mara nyingi hukwama kwa kutu gari likikaa muda mrefu bila kutumika.

Injini ni ya Fichtel & Sachs, silinda moja, mipigo miwili, sentimita za ujazo 191, nguvu farasi kama 10. Inafaa kuwashwa ikiwa baridi, na muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla ya mgeni kufika aulizwe sababu. Moshi mwepesi wa samawati si kasoro, kwa kuwa oili huchanganywa na petroli.

Jaribio ambalo wengi hulisahau ni la kurudi nyuma. Gari hili halina gia ya kurudi: injini huzimwa, ufunguo husukumwa ndani zaidi, kisha injini huwashwa upya ikizunguka kinyume, na gia zote 4 hufanya kazi kuelekea nyuma. Nashauri kujaribu gia ya kwanza tu, katika uwanja mtupu. Injini ikiwaka vizuri kwenda mbele lakini ikakataa kinyume, kasoro huwa kwenye platini (vipande vinavyounganisha na kukata umeme wa cheche) za upande huo au kwenye mota inayofanya kazi ya stata na dainamo kwa pamoja, yaani kuwasha injini na kuchaji betri; kwanza zipimwe betri mbili za volti 6, kwani zikichoka mota hulaumiwa bure.

Barabarani, dereva akumbuke kuwa mpini wa usukani unageuzwa kidogo sana. Anayeuzungusha kama usukani wa gari la kawaida ataingia mtaroni. Mpini ukiyumba huku na huku bila magurudumu kuitikia, viungo vyake vimelika. Kabla ya kutaja bei, mnunuzi aombe kuona hati ya mkaguzi iliyoliwezesha gari kupewa namba yenye herufi H, ambayo Ujerumani huyapa magari yaliyotimiza miaka 30 na kubaki karibu na hali yake ya asili. Kama gari halina namba hiyo, gharama ya kuitafuta iondolewe kwenye bei.