Mgonjwa wa moyo karudi nyumbani Mtwara, mazoezi mnaanzaje

Mzee wako karuhusiwa, labda kapasuliwa pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar, sasa yupo nyumbani na kila anayekuja kumuona anamwambia lala tu mzee, usiinuke. Jamani hapana. Moyo uliougua unataka kazi, ila kazi ya kupimiwa, na wa kupima ni daktari na fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba), sio jirani.

Kwahiyo kabla hata ya kununua raba, bebeni karatasi za ruhusa na dawa zake zote mwende kliniki, hospitali ya Ligula au Rufaa ya Kanda pale Mitengo, wa Lindi nendeni hospitali ya Sokoine, mkaulize nani atamsimamia mazoezi. Marekani programu kamili ya mazoezi ya wagonjwa wa moyo huwa vipindi 36 ndani ya wiki 12, presha na mapigo yanaangaliwa na masomo ya dawa na chakula yamo humo humo. Huku hata mkipata vipindi vichache tu mbele ya mtaalamu mtajua uwezo wake unaishia wapi.

Akiruhusiwa kutembea nyumbani, atoke asubuhi mapema au jua likishapoa maana joto letu mnalijua, njia iwe tambarare na asiwe peke yake. Aanze taratibu dakika 5 hivi, ndo aongeze mwendo, na mwishoni apunguze tena, asisimame ghafla. Muongeleshe njiani, akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema punguzeni. Kuhesabu mapigo peke yake kunadanganya, dawa kama bisoprolol na atenolol zinayashusha. Kifua kikibana, kizunguzungu au jasho la baridi likimtoka akae chini hapo hapo, kama alipewa dawa ya chini ya ulimi aitumie, dakika 5 zikipita hajatulia mkimbizeni hospitali, msisubiri kukuche.

Aliyepasuliwa kifua mfupa unaunga kwa wiki 6 mpaka 12, ndoo ya maji hapana, gunia la korosho ndo kabisa, na najua msimu ukianza kumzuia mzee asiende shamba ni ugomvi mkubwa ila zuieni.

Kwenye hayo masomo ya dawa na chakula aende na anayempikia, hilo nalisisitiza sana kwasababu chumvi inaamuliwa jikoni. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ng'onda na papa mkavu navyo vinahesabiwa. Presha, uzito wa asubuhi, miguu kama imevimba, andikeni kwenye daftari, siku ya kliniki mpeni daktari alisome.