Kabla hujachagua chuo cha kusomea fizikia

Mliomaliza kidato cha sita kwa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati), mkishika mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, msiishie kwenye jina la chuo. Someni jina la programu yenyewe. Shahada ya Sayansi katika Fizikia na Shahada ya Sayansi na Ualimu si kitu kimoja: hiyo ya pili inagawana muda na somo jingine la kufundishia, saikolojia ya elimu na mazoezi ya kufundisha. Ni njia nzuri kwa anayetaka kuwa mwalimu, na nchi inawahitaji mno. Lakini kama ndoto yako ni utafiti, utafika mwaka wa tatu ukiwa na kozi chache za fizikia kuliko mwenzako.

Tafuta pia orodha ya kozi za mwaka wa pili na wa tatu, maana mwaka wa kwanza vyuo vingi vinafanana. Angalia kama kuna fizikia ya kwanta (ya chembe ndogo kama atomu na elektroni), sumakuumeme na kuandika programu za kompyuta.

Jambo la maabara ndilo kubwa. Mpigie anayesoma mwaka wa tatu pale, umuulize: kwenye praktiko mnakaa wangapi kwenye osiloskopu moja, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini? Unazungusha vitufe mwenyewe, au unanakili namba alizosoma mwenzako? Mradi wa mwisho unapima kitu halisi? Akisita kujibu, piga kwa mwingine wa chuo hichohicho kabla hujabonyeza kutuma maombi.

(Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, ilianzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu, iweke akiba kwa baadaye.)