Spidiboti ikirudi kutoka Mbudya: kazi za kufanya kabla hujaenda nyumbani

Boti nyingi za burudani ninazoletewa huku Msasani, Dar es Salaam, hazikuharibikia baharini. Zimeharibikia kwenye maegesho. Familia imekwenda visiwani, Mbudya au Bongoyo, Jumamosi, jioni watu wamerudi hoi, kamba imefungwa, funguo mfukoni, tutaonana mwisho wa mwezi. Chumvi iliyobaki ndani ya injini imepewa wiki nne za kufanya kazi peke yake.

Mwongozo huu ni kwa mwenye boti ya faiba na injini moja ya kufunga nyuma, HP 40 hadi 150. Kitabu cha injini yako kiwe karibu. Pale kinapotofautiana na mimi, kifuate chenyewe.

Hatua ya 1: Suuza injini siku hiyohiyo

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni vile vikombe viwili vya mpira vinavyobana matundu ya kuvutia maji, kulia na kushoto mwa mguu wa injini, juu kidogo ya propela. Unganisha mpira wa bomba, fungua maji kwanza, ndipo uwashe. Kamwe usiwashe injini kavu, hata kwa "kusikiliza tu". Ndani ya pampu ya maji kuna impela ya mpira, kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji, na maji ndiyo kilainisho chake. Bila maji inaungua kwa sekunde chache.

Gia iwe nyutro na mtu asisogelee propela. Iache injini iungurume taratibu dakika kumi hivi. Wengi huzima baada ya dakika mbili kwa kuwa wameona maji yanatoka. Hapo hujasafisha kitu: thamostati, ile vali inayofunguka injini ikipata joto, bado imefunga, na maji baridi hayapiti kwenye vichochoro vyote vya injini. Ngoja ipate joto, thamostati ifunguke, maji matamu yazunguke kote.

Wakati wote huo tazama ule mchirizi unaoruka ubavuni. Mashine lazima ikojoe kwa nguvu, mfululizo. Ikikojoa kwa kusitasita, zima. Ingiza waya mwembamba kwenye tundu, maana mara nyingi ni mchanga au mdudu aliyejenga humo. Tundu likiwa safi na mchirizi bado dhaifu, nenda hatua ya 3.

Njia ya pili ni kwa injini zenye mdomo maalumu wa kufunga mpira wa bustani. Hapo injini nyingi husuuzwa zikiwa zimezimwa, kwa sababu maji hayo hayana uhakika wa kufika kwenye impela. Njia hii inawafaa wanaolaza boti kwenye boya, mradi mpira ufike. Boti ikilala majini, inua mguu wa injini utoke nje ya maji. Ikilala nchi kavu, ushushe wima ili maji yaliyobaki yachuruzike.

Kisha fungua kofia ya injini, futa ukungu wa chumvi kwa kitambaa chenye maji matamu, kausha, pulizia dawa ya kuzuia kutu. Usipige presha ya maji humo ndani. Nimeona watu wenye spika za muziki za mamilioni kwenye boti ambao hawana mpira wa maji wa mita kumi. Hao ndio wateja wangu wakubwa.

Hatua ya 2: Propela na oili ya gia

Toa propela kila baada ya miezi miwili au mitatu. Unachotafuta ni mshipi wa kuvulia. Uzi wa nailoni ukijisokota nyuma ya propela unakata sili ya shafti (mpira unaozuia maji kuingia), maji ya bahari yanaingia kwenye gia, na injini inaendelea kukimbia kama kawaida mpaka siku gia zinaposagika. Paka shafti grisi ya baharini, rudisha propela, weka pini mpya.

Ili kujua kama maji yameshaingia, weka beseni chini ya mguu, fungua skrubu ya chini kidogo tu, toa matone machache. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwepo hutangulia. Oili yenye rangi ya maziwa maana yake sili imekufa; kubadilisha oili peke yake ni kujidanganya.

Unapobadilisha, fungua skrubu ya chini na ya juu, mwaga yote, kisha pampu oili mpya kwa chini hadi itokee juu. Ukijaza kwa juu unafungia hewa ndani. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kufunga ya chini haraka. Vile vipete vya skrubu (washa) viwe vipya. Fanya hivi kila saa 100 za injini au mara moja kwa mwaka, kinachotangulia.

Hatua ya 3: Impela

Huku kwetu, kwenye maji ya mchanga, mimi hubadilisha kila mwaka, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Kabla ya kufungua, weka alama kwa kalamu mahali kilipokaa kile kipezi kidogo juu ya propela. Kwenye injini nyingi bolti moja imejificha chini yake, na kikirudi upande usukani utavuta. Fungua bolti za mguu, achanisha fimbo ya gia kama kitabu kinavyoelekeza, shusha mguu taratibu, ubane wima. Utaona nyumba ya pampu yenye bolti nne. Zikigoma, zipashe joto na kuzitikisa mbele na nyuma. Bolti ya chumvi ukiilazimisha inakatika, na kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili.

Toa impela na uhesabu mabawa yake. Likipungua moja, usifunge mpaka ulipate: kipande hicho kimekwenda juu na kitaziba njia ya maji mahali fulani. Angalia pia kikombe cha chuma na bamba la chini. Vikiwa na mikwaruzo inayokamata ukucha, badilisha. Weka ufunguo mdogo wa shafti (kile kipande cha chuma kinachoishika impela kwenye shafti), valisha impela mpya, paka maji ya sabuni, na shusha kikombe huku ukizungusha shafti kwa mwendo wa saa ukitazama kutoka juu, ili mabawa yalale upande wake. Gasketi mpya. Rudisha mguu, washa kwenye vikombe vya mpira, tazama mkojo.

Hatua ya 4: Mafuta

Injini ya mipigo miwili isiyochanganya yenyewe kwa kawaida hutumia 50 kwa 1: tanki la lita 25 linataka nusu lita ya oili. Iwe na alama ya TC-W3, ya oili za injini za boti za mipigo miwili. Oili ya bodaboda ni ya injini inayopozwa na hewa na huacha majivu kwenye plagi na pistoni. Ya mipigo minne inataka oili yenye alama ya FC-W. Injini ikiwa mpya, badilisha oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au kila mwaka, pamoja na filta. Funga filta ya kutenganisha maji kati ya tanki na injini. Petroli ya madumu bila filta hiyo ni kamari.

Hatua ya 5: Zinki na chini ya boti

Vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye injini vipo ili viliwe badala ya alumini. Badilisha vikifika nusu, na usivipake rangi hata kidogo, maana vikifunikwa havifanyi kazi. Ukihamishia boti Mwanza, weka vya magnesiamu. Zinki kwenye maji matamu hujifunika ganda na kulala.

Boti inayolala majini inataka rangi ya kuzuia viumbe wa baharini. Wazee walipaka majahazi shahamu na chokaa. Sisi tuna rangi ya shaba, lakini bado lazima boti itoke nje. Subiri bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, iweke kwenye mchanga maji yakijaa, yakipwa unayo saa chache za kukwangua. Usipake rangi ya shaba kwenye mguu wa injini, kwani shaba na alumini hazikai pamoja.

Hatua ya 6: Kusi ikianza

Wengi huegesha boti nchi kavu wakati wa upepo wa kusi. Chomoa betri, paka vaselini kwenye vituo vyake, na uichaji kila mwezi. Inua omo (mbele ya boti), toa kizibo cha tezi (nyuma) ili mvua isijae kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti), na ning'iniza kizibo hicho kwenye usukani pamoja na ile kamba ya kuzimia injini, ambayo dereva huifunga mkononi. Trela nayo: ukifika ufukweni usiizamishe magurudumu yakiwa ya moto. Beringi ikipoa ghafla inavuta maji ya chumvi ndani. Pakia vitu kwanza, dakika ishirini, ndipo urudishe nyuma.